Likizo ya Majira ya Baridi: Vipi Tuwashughulishe Watoto Wetu Ughaibuni?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Aliyejaalia usiku na mchana kufuatana, ukarefuka huu na ukafupika huu kwa hikima Yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), pamoja na ahali zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama ba'ad:

Kila ukikaribia mwezi wa Disemba hutujia masuali yanayofanana kutoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, nchi za Skandinevia na Kanada. Skuli zinafungwa kwa takriban wiki mbili, nje ni baridi na giza, baba yuko kazini kwa zamu, mama amebaki na watoto watatu au wanne ndani ya fleti ya vyumba viwili. Watoto hawatoki. Wanakesha na simu mpaka usiku wa manane, Alfajiri inawapita, wanaamka karibu na Adhuhuri, na jua likishatua siku imekwisha. Skuli zikifunguliwa mtoto anarudi darasani akiwa mzito wa mwili, mkali wa ulimi na mvivu wa Swala. Wazazi wanauliza: tufanye nini? Je, kumwacha mtoto acheze ni kumpotezea wakati wake? Na je, inafaa kumtoa nje baada ya Magharibi, ilhali tumefundishwa kuwaingiza watoto ndani wakati huo?

Tumeona tuyajibu masuali haya kwa pamoja, kwa kuwa asili yake ni moja.

Saa kumi ya kwetu na saa kumi ya kwao

Kwetu Unguja na Pemba, mtoto ana wakati wake wa kucheza unaojulikana bila ya kupangwa. Asubuhi ni skuli, mchana ni chakula na chuoni, na ikishaswaliwa Alasiri mitaa hujaa. Wa mpira watakwenda uwanjani, wa nage watapiga nage, wa kuruka kamba wataruka, na pale Forodhani utawaona vijana wanajirusha baharini. Adhana ya Magharibi ndiyo kengele ya kurudi nyumbani. Mzazi hahitaji kumhimiza mtoto acheze. Anahitaji kumwita arudi tu.

Mzazi huyu anapohamia Ulaya huondoka na saa hiyo moyoni mwake. Asubuhi anamwacha mtoto alale kwa kuwa ni likizo. Mchana ni chakula. Anamwambia, "Subiri, utatoka alasiri." Lakini alasiri hiyo haiji. Mjini London, mwishoni mwa Disemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na hutua kabla ya saa kumi kamili za jioni. Adhuhuri huingia kiasi cha saa sita, Alasiri huingia kabla ya saa nane, na ikifika saa kumi watu wameshaadhini Magharibi. Toronto mchana ni mrefu kidogo, kiasi cha saa tisa. Ama Oslo na Stockholm, mchana mzima haufiki saa sita na nusu, na jua lenyewe liko chini, halina joto.

Kwa hivyo ile saa kumi ambayo kwetu mtoto ndiyo kwanza anatoka, huko ndiyo saa ya kumwita ndani. Mzazi anayefuata saa ya Zanzibar katika Disemba ya London atamfungia mtoto ndani wiki mbili nzima bila ya kukusudia. Hali hii haimaanishi kwamba mtoto ni mvivu au mzazi ni mbaya. Ratiba tu haijahamia pale mwili ulipohamia.

Na ndipo tunaposema neno ambalo tunataka mzazi aondoke nalo katika makala hii: katika likizo ya majira ya baridi, mchana mfupi ni haki ya mwili wa mtoto, na usiku mrefu ni haki ya Qur-aan, mazungumzo na usingizi. Anayeutoa mchana kwa usingizi na usiku kwa simu amezipoteza haki zote mbili.

Mwili wa mtoto una haki

Baadhi ya wazazi huona kucheza ni upuuzi, na mtoto mwema ni yule aliyekaa kimya. Huu si mwongozo wa Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Imethibiti kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, na katika wote wawili mna kheri, kama alivyopokea Imam Muslim. Na katika kisa cha Salmaan na Abu Dardaa (Radhiya Allahu 'anhuma) alichokipokea Imam Al-Bukhari, Salmaan alimkumbusha ndugu yake kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, na kila mmoja apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimsadikisha Salmaan.

Yeye mwenyewe Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allahu 'anha). Alimtania mtoto mdogo, Abu 'Umayr, kuhusu kindege chake. Aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao ndani ya Msikiti wake. Alipoandaa mashindano ya farasi Madinah, hakuwapangia wote masafa mamoja: farasi waliofanyishwa mazoezi aliwawekea masafa marefu, na wasiozoeshwa masafa mafupi. Katika hili mna faida kwa mwenye watoto wa umri tafauti: usimtake mwenye miaka sita amfukuzie mwenye miaka kumi na tatu, atavunjika moyo na hatotoka tena.

Na tazama waliyoyafanya wanawake wa Kianswari walipowazoesha watoto wao kufunga siku ya 'Aashuraa. Waliwatengenezea vitu vya kuchezea kutokana na sufi, mtoto akililia chakula hupewa hivyo mpaka ufike wakati wa kufuturu. Hadithi hii imo katika Al-Bukhari na Muslim. Akina mama hawa hawakumwamrisha mtoto avumilie tu. Walikaa wakafikiri, wakatayarisha kitu mapema. Hilo ndilo tunaloliomba kwa mzazi wa leo: likizo itayarishwe kabla ya kufika, si siku ambayo watoto wameshaanza kugombana.

Ama upande wa afya, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 limeeleza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za harakati zinazomtoa pumzi: kukimbia, kuruka, kuogelea, kuendesha baiskeli. Dakika 60 si nyingi. Mtoto wa Zanzibar huzimaliza kabla hajafika uwanjani. Lakini kwa mtoto aliye ndani ya fleti hazipatikani ila kwa kukusudiwa.

Hapa pana jambo wazazi wetu wengi hawalijui. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kutosha kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, hata mtoto akikaa nje. Vitamini hii ndiyo inayoimarisha mifupa, na upungufu wake kwa watoto huleta matege. Huduma ya afya ya nchi hiyo inawashauri watu wote wafikirie kutumia maikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi pamoja na wanaojifunika mwili mzima wafikirie kuitumia mwaka mzima. Watoto wetu, na khasa mabinti zetu, wanaingia katika makundi hayo. Mzazi amuulize daktari au mfamasia kipimo kinachomfaa mtoto wake. Na kwa kuwa vidonge vingi laini hufunikwa kwa jelatini ambayo huenda ikatokana na nguruwe, atafute aina ya matone au iliyoandikwa kuwa ni halali. Zipo, na si ghali.

Hukumu ya kutoka nje baada ya Magharibi

Imepokewa katika Al-Bukhari na Muslim kutoka kwa Jaabir (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha watoto wazuiliwe usiku unapoingia, kwa kuwa mashetani huenea wakati huo, kisha ukishapita muda katika usiku waachiwe. Akaamrisha pia milango ifungwe kwa kutajwa jina la Allah na vyombo vifunikwe.

Wanazuoni wengi wameifahamu amri hii kuwa ni ya mapendekezo na kumwelekeza mzazi kwenye maslahi ya mtoto, si ya wajibu ambao anayeuacha anapata dhambi. Na wazazi wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya Hadithi wakaisahau ya pili. Katazo halikuwa la usiku mzima, bali la mwanzo wake, wakati giza linapoingia.

Kwa hivyo jawabu ni hili: jua likikaribia kutua, hata ikiwa saa ya ukutani inasema ni saa tisa na nusu tu, watoto waingie ndani. Sheria imefungamanisha jambo hili na kuingia usiku, haikulifungamanisha na tarakimu za saa. Waswali Magharibi pamoja na wazazi, wale kitu, wasome. Usiku ukishatulia, mtoto akipelekwa kwenye ukumbi wa michezo, bwawa la kuogelea, darasa la karate au mskitini, hakuna ubaya. Atajwe jina la Allah wakati wa kutoka, awe pamoja na mtu mzima, na avae kitu cha rangi inayong'aa ili madereva wamuone.

Mwenye kuifuata Sunnah hii ataona kwamba inamlazimisha atumie asubuhi. Na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Mpango wa siku moja

Tunatoa mfano kwa anayeishi London au karibu yake, mwishoni mwa Disemba. Wa miji mingine apime kwa nyakati za Swala za mji wake.

– Alfajiri, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi: nyumba nzima iamke na iswali jamaa. Katika mwaka mzima hakuna Alfajiri nyepesi kwa mtoto wa Ulaya kama ya majira ya baridi. Wakati wa kiangazi huingia usiku wa manane, wakati huu inaingia saa ambayo mtoto huamka kwenda skuli. Mwenye mtoto wa miaka saba hadi kumi aliye katika umri wa kuzoeshwa Swala, wiki mbili hizi ni hazina. Kisha Qur-aan kidogo, hata ukurasa mmoja.

– Saa mbili hadi saa nne: chai na kazi za nyumbani kwa wote.

– Saa nne hadi saa sita: nje. Huu ndio moyo wa siku. Bustani, mpira, baiskeli, au mwendo mrefu wa miguu. Mtoto avalishwe nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine kuliko koti zito moja, kofia, glavu na viatu visivyoingiza maji. Mvua nyepesi isiwe udhuru.

– Saa sita na robo: Adhuhuri na chakula. Kisha mapumziko, kusoma, au kwenda maktaba ya mtaa, ambayo ni bure.

– Saa nane kasoro robo: Alasiri, na kutoka tena kidogo, hata kwa kwenda dukani kwa miguu. Kurudi kabla ya jua kutua.

– Saa kumi: Magharibi. Huu ni wakati mzuri wa kumpigia simu bibi. Tafauti ya London na Zanzibar wakati huo ni saa tatu, kwa hivyo bibi naye ametoka kuswali Magharibi yake na amekaa kitako. Muombeni awape watoto hadithi kwa Kiswahili, na wao wamsomee sura waliyohifadhi.

– Isha huingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada yake chakula, michezo ya ndani, na kulala saa mbili au saa tatu usiku kwa mujibu wa umri.

Mzazi hatoweza kuufuata mpango huu kila siku. Akiupata siku nne katika saba amefanya kheri kubwa. Vitu viwili tu tunamuomba asiviwachie: Alfajiri ya pamoja, na zile saa mbili za nje kabla ya Adhuhuri.

Uadilifu baina ya mtoto wa kiume na wa kike

Hapa tunazungumza kwa uwazi, kwa sababu tunaletewa malalamiko kutoka kwa mabinti wenyewe. Katika nyumba zetu nyingi likizo ikifika, mtoto wa kiume hutoka na mpira, na dada yake hubakia kuosha vyombo, kukunja nguo na kuangalia mdogo wao. Ikiulizwa kwa nini hatoki, huambiwa kuwa mtoto wa kike hastahiki kuzurura. Kisha akijifungia chumbani na simu, analaumiwa.

Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikataa kumshuhudia mzazi aliyempa mwanawe mmoja zawadi bila ya wengine, na akaamrisha watu wamche Allah na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Imo katika Al-Bukhari na Muslim kutoka kwa An-Nu'maan bin Bashiir (Radhiya Allahu 'anhuma). Ikiwa uadilifu unatakiwa katika zawadi, vipi katika afya ya mwili na furaha ya moyo? Na Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe alikuwa akihudumia nyumbani kwake. Mtoto wa kiume aoshe vyombo, na mtoto wa kike apewe saa zake za nje.

Tena majira ya baridi ni mepesi kwake kuliko majira mengine. Nguo za baridi zinasitiri kwa tabia yake: koti refu, suruali pana, kofia juu ya mtandio, na hakuna atakayemshangaa. Ama kuogelea, mabwawa mengi ya umma huwa na saa maalumu za wanawake peke yao. Mama aulize kwa simu kabla ya kwenda, na ahakikishe kuwa wasimamizi wa saa hizo ni wanawake pia.

Jirani wa chini

Watoto wakikaa ndani wataruka, na kuruka kwa mtoto ni dari ya jirani. Haki ya jirani katika Uislamu ni kubwa, awe Muislamu au asiwe. Mwenye fleti ya juu apange michezo ya kuruka mchana tu, atandike zulia, na kabla ya likizo ashuke amgongee jirani, amwambie: tuna watoto, skuli zimefungwa, tukikuudhi tuambie. Sahani ya maandazi ikifuatana na maneno hayo itafanya kazi ambayo makala hii haiwezi kuifanya. Na michezo ya kitako ipo: mdako, bao, kuchora, kupika pamoja, kushona.

Masuala mafupi

Kuteleza kwenye barafu na theluji. Asili ya michezo ni uhalali, madamu haina madhara yaliyo dhahiri, haifichui uchi na haipotezi Swala. Kurushiana mabonge ya theluji kunafaa kwa sharti la kuepuka uso, kwa kuwa tumekatazwa kupiga usoni, na asirushiwe mpita njia.

Sanamu la theluji. Wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Waliokataza wametegemea ujumla wa Hadithi zinazokataza kuunda sura za viumbe wenye roho. Waliolegeza wamelikiasia na vinyago vya watoto, kwani 'Aaishah (Radhiya Allahu 'anha) alikuwa akichezea vinyago na Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akijua, na wakasema kuwa theluji huyeyuka, haitukuzwi. Sisi tunamshauri mzazi atoke katika khitilafu kwa wepesi: wajengeni ngome, jahazi au msikiti wa theluji. Na akikuta mtoto wake amelijenga pamoja na wenzake, asimkaripie mbele ya watu. Amweleze nyumbani kwa upole.

Swala wakiwa nje. Baina ya Adhuhuri na Alasiri London wakati huu ni chini ya saa mbili, na Alasiri nayo ni fupi. Matembezi ya mchana hupitiwa na Swala kwa urahisi. Haijuzu kuziakhirisha mpaka zitoke nje ya wakati kwa sababu ya mchezo. Ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudu, basi mchukue mswala na kipande cha plastiki cha kutandika chini yake. Kwenye theluji Swala inasihi ikiwa imeshikana kiasi cha paji la uso kutulia. Kutia udhu kwa maji ya moto hakuna ubaya wowote, na mtoto asilazimishwe maji ya barafu kwa kudhani kuwa ndiyo ucha Mungu.

Ijumaa. Watoto wa kiume wengi hawaipati Ijumaa kwa sababu ya skuli. Ndani ya wiki mbili za likizo mna Ijumaa mbili. Wapelekwe, na panapowezekana waende kwa miguu.

Kulipa deni la Ramadhani. Binti aliye baleghe mwenye siku za kulipa, huu ndio wakati wake: kutoka Alfajiri hadi Magharibi ni kiasi cha saa kumi tu. Mama amuonee huruma afunge naye. Siku ya kufunga apunguziwe mbio, atembee tu.

Zawadi za mashindano. Mzazi akimpa zawadi mtoto aliyeshinda mbio, hiyo ni hiba na ni jambo jema. Lakini watoto wakichanga fedha kila mmoja ili mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari hata ikiwa ni senti chache, na wafundishwe tafauti hiyo mapema.

Kambi za likizo. Inafaa kumpeleka mtoto kwenye kambi za michezo za skuli na baladia. England kuna mpango wa serikali wa shughuli na chakula cha bure katika likizo, ikiwemo ya Disemba, khasa kwa watoto wanaopata chakula cha bure cha skuli kwa sababu ya kipato cha wazazi. Wengi wa watu wetu wanastahiki na hawaombi. Muulizeni mwalimu kabla ya skuli kufungwa, na muulize pia kuhusu chakula cha halali. Kukiwa na ibada au sherehe ya dini nyingine, mtoto asishiriki katika hilo, na mzazi alieleze kwa adabu bila ya kuwatukana watu dini yao. Sweden nako kuna likizo ya michezo ya Februari, iliyoanza mwaka 1940 skuli zilipofungwa wakati wa vita ili kuokoa makaa ya kupashia moto, na watoto wakatafutiwa michezo ya nje. Tazama vipi watu waligeuza dhiki ikawa faida! Manispaa nyingi huko hutoa michezo ya bure wiki hiyo.

Tahadhari ya barafu

Watoto waliozaliwa kwa wazazi wa nchi za joto hawakurithi elimu ya barafu, kwa sababu sisi wenyewe hatunayo. Barafu juu ya ziwa au bwawa huonekana imara kama sakafu nayo ni nyembamba. Disemba 2022, huko Solihull karibu na Birmingham, watoto wanne walifariki baada ya barafu ya ziwa kuvunjika. Allah awape subira wazazi wao. Mwambie mtoto wako kabla hajatoka, na umrejeleshe akwambie yeye mwenyewe: haikanyagwi barafu iliyo juu ya maji, hata mpira ukiangukia huko, hata mwenzake akimcheka. Na akimuona mtu ameanguka asimfuate, apige kelele na aite msaada. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sheria, na mchezo wowote uko chini yake.

Neno kwa akina baba

Tunajua kwamba wengi wenu mnafanya kazi za zamu, hospitalini, kwenye maghala na kwenye magari, na hizo ni siku ambazo kazi hulipa vizuri. Kutafuta chumo la halali ni ibada. Lakini kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mtoto hakumbuki saa za ziada ulizofanya. Anakumbuka siku uliyokimbia naye ukateleza mkacheka. Mama hawezi peke yake kuwa mpishi, mwalimu, mlinzi wa mlango na golikipa. Toa asubuhi mbili tu katika wiki, kuanzia saa nne hadi saa sita, simu ikiwa mfukoni. Usitume mtu badala yako.

Na mtoto akikuona wewe mwenyewe umelala mpaka Adhuhuri siku yako ya mapumziko, na usiku umekesha na mpira wa televisheni, basi maneno yetu haya yote hayatomfaa kitu. Watoto hufuata wanachokiona kabla ya wanachoambiwa.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awajaalie watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu, awape miili yenye nguvu na nyoyo zilizosalimika, awahifadhi popote walipo mashariki na magharibi, na atujaalie sisi wazazi kuwa wenye kuitekeleza amana hii kabla ya kuulizwa juu yake. Aamiyn.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.